Nyumba na Nyumbani

Msomaji, katika lugha yetu kuna silabi moja ndogo ambayo thamani yake haipimwi kwa urefu wake. Mtu akisema "nyumba", ametaja kuta, paa, mlango na dirisha, yaani vitu ambavyo fundi huweza kuvijenga kwa miezi michache na mnunuzi huweza kuvilipia kwa siku moja. Lakini mtu huyo akiongeza "ni" mwishoni na kusema "nyumbani", ametaja jambo ambalo hakuna fundi awezaye kulijenga wala tajiri awezaye kulinunua. Nilikuwa mwalimu kwa miaka 36, na katika muda huo nimeona watu wenye nyumba kubwa wasiokuwa na nyumbani, na wengine ambao nyumbani kwao palikuwa ni chumba kimoja cha kupanga. Nataka kukusimulia niliyojifunza juu ya tofauti hiyo. Mimi nililipa gharama kujifunza. Wewe waweza kuyapata bure.

Nilizaliwa mwaka 1962 katika milima ya Taita, si mbali na Wundanyi. Katika mwezi wa Julai ukungu hushuka huko mpaka mlangoni, na jogoo huwika bila ya kuonekana. Mashamba yamepandana juu ya miteremko kama vidato vya ngazi, na chini mabondeni hulimwa mboga, miwa na migomba. Baba yangu alikuwa fundi katika karakana za reli Nairobi. Alikaa katika chumba kimoja cha nyumba za reli za Muthurwa, akatujia mara moja kwa mwaka wakati wa likizo yake. Sisi watoto tulibaki mlimani pamoja na mama.

Baba alifanya kazi Nairobi miaka 31. Ukihesabu, utaona kuwa katika kila miezi 12 alikuwa nasi mwezi mmoja tu, na miezi 11 alikuwa mjini. Walakini sikumsikia hata siku moja akiiita Nairobi nyumbani. Mji aliuita "kazini". Aliposema "nyumbani" alikuwa na maana ya mlima, nyumba ya udongo, mke wake, mfereji wa maji uliopita nyuma ya boma, na miamba iliyo juu ya kijiji. Katika mapango ya miamba kama hiyo, Wataita wa zamani walikuwa wakiweka mafuvu ya wazee wao, ili waliokufa wasiwe mbali na waliobaki. Mimi nilipokuwa kijana niliona ajabu. Niliwaza: inakuwaje mtu akakaa mahali sehemu kubwa ya maisha yake na bado pasiwe kwake? Swali hilo niliacha kulijali nilipopata kazi, nikaoa, nikapanga nyumba nzuri mjini.

Mwaka 2004 mama yangu alifariki dunia. Baba alikuwa amekwisha staafu zamani, akabaki mlimani peke yake. Mimi na ndugu zangu tulikutana tukakata shauri kwamba aje kukaa kwangu Nairobi. Sikuona haja ya kumwuliza mwenyewe. Niliona kuwa mtu haulizwi kama anataka raha.

Na raha nilimpa, msomaji. Tulikuwa tukikaa ghorofa ya tatu. Alipewa chumba chake, kitanda chenye godoro nene, maji ya bomba, taa ya umeme na televisheni. Hospitali ilikuwa umbali wa dakika 20. Kila nilipomtazama nilijisifu moyoni kuwa mimi ni mwana mwema. Lakini baada ya miezi michache niliona jambo. Kila siku saa kumi alfajiri baba alikuwa akiamka, akavaa nguo zake na viatu, akaketi juu ya kiti karibu na mlango, mikono magotini, kama abiria angojaye gari la moshi.

Nilimwuliza, "Baba, wangoja nini?"

Akajibu, "Nangoja kuche."

Kukicha alikuwa bado yu palepale. Wajukuu wake walikwenda shule, mimi na mke wangu tukaenda kazini, naye akabaki na mlango. Huko mlimani watu walimjua kwa jina lake, jina la baba yake na jina la babu yake. Majirani walipogombana juu ya mpaka wa shamba, yeye ndiye aliyeitwa. Kufuli ilipogoma au taa ya chemli ilipovunjika, ililetwa kwake. Mjini bawabu wa jengo letu alimwita "mzee wa ghorofa ya tatu". Hiyo haikuwa dharau; bawabu hakuwa na la kumwita zaidi ya hilo. Mtu aliyekuwa na majina matatu alikuwa amebakiwa na namba ya ngazi.

Siku moja niliporudi kutoka shuleni nilikuta watu wamesimama nyuma ya jengo. Baba alikuwa ameazima jembe la bawabu, akalima kishamba chembamba kandokando ya ukuta, pasipozidi hatua kumi, akapanda maharagwe na sukuma wiki. Miche ilikuwa imekwisha chipua. Msimamizi wa jengo alikuwa akimwambia kuwa kanuni haziruhusu. Nilipaswa kusimama upande wa baba yangu. Badala yake, kwa kuogopa kupewa notisi ya kuhama, nilisimama upande wa msimamizi, nikasema mbele ya watu, "Baba, hapa si mahali pa kulima. Twende juu ukapumzike."

Hakubishana nami. Aliinama akaing'oa miche yake mwenyewe, mmoja mmoja, akikung'uta udongo polepole kama mtu anayekwenda kuipandikiza mahali pengine. Usiku, baada ya chakula, alisema maneno ambayo sijayasahau mpaka leo:

"Mwanangu, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nina mwaka na nusu hapa kwako, na leo umeninyang'anya jembe. Basi nieleze, mimi ni nani hapa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeifundisha methali hiyo darasani mara nyingi, nikiwaambia wanafunzi kuwa maana yake ni kumkataza mgeni asikae bure akala chakula cha mwenyeji wake. Usiku ule nilitambua kuwa nilikuwa nimeifundisha nusu tu. Jembe ni mzigo, lakini ni heshima vilevile. Anayepewa jembe ameambiwa kuwa si mgeni tena, na kwamba shamba lina haja naye. Asiyepewa jembe, hata akilishwa asali, yu mgeni bado.

Katikati ya mwaka 2006 nilimrudisha. Tulipanda gari la moshi jioni, lile la reli ya zamani ambalo liliacha kuchukua abiria mwaka 2017, mwaka uleule reli mpya ilipofunguliwa, tukashuka Voi alfajiri. Kutoka hapo tulipanda matatu, tukapita Mwatate na kupanda mlima kona kwa kona. Nilikuwa na hofu jinsi watakavyompokea. Tulipokaribia boma, jirani yetu, mama mmoja mtu mzima, alitoka shambani mwake akiwa na matope mpaka magotini. Hakumpa baba pole ya safari. Alisema, "Afadhali umekuja. Mfereji umeziba huku juu, na vijana hawa hawajui pa kuanzia." Baba alinipa koti lake nilishike, akaomba jembe, akaenda. Nilibaki nimesimama njiani na koti mkononi na sanduku miguuni, nikamtazama akipanda kilima kwa mwendo ambao Nairobi sikuuona hata siku moja.

Aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Sitaki kukudanganya kuwa miaka hiyo ilikuwa ya raha tupu. Nyumba ilikuwa baridi, maji yalichotwa, na kifua kilimsumbua kila msimu wa ukungu. Usiku mmoja wa mvua mwaka 2009 alizidiwa. Barabara ilikuwa tope, na gari la kumchukua lilichelewa. Mganga aliyempokea aliniambia baadaye kwamba kama mgonjwa angalifikishwa mapema, huenda angalipona. Basi msomaji, mimi ndiye niliyemtoa baba yangu dakika 20 kutoka hospitali nikampeleka mahali ambapo hospitali ilikuwa mbali naye usiku aliouhitaji. Je, nilimpa miaka mitatu au nilimnyima mingine? Swali hilo nimelala nalo usiku mwingi. Nalitaja hapa ili usije ukasoma insha hii ukadhani kuwa mashamba ni pepo na mji ni jehanamu. Kila mahali pana bei yake. Ninalojua ni kwamba baba aliijua bei ya mahali pake, akaikubali mwenyewe.

Baada ya mazishi nilirudi mjini na somo jipya, nikalishika kwa nguvu kama mtu aliyechelewa kujifunza. Nilijiambia: nyumbani ni shambani, kule kilikozikwa kitovu cha mtu, na mji ni mahali pa kutafutia riziki tu. Kumbe nilikuwa nimetoka katika kosa moja nikaingia katika la pili.

Mwaka 2011 niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha yenye kichwa "Nyumbani Kwetu". Wengi waliandika kama walivyozoea: mito, ng'ombe, nyanya akikoka moto, safari ya basi mwezi wa Desemba. Msichana mmoja aliandika juu ya chumba kimoja Pumwani. Alieleza jinsi alivyojua saa bila ya saa: sauti ya adhana, kisha harufu ya mahamri ya jirani, kisha vishindo vya wachuuzi waelekeao soko la Gikomba. Alieleza kuwa mlango wa pili palikaa bibi kizee kipofu, naye ndiye aliyemtekea maji kila jioni tangu alipokuwa na umri wa miaka tisa, na kwamba siku alipougua homa, kipofu yule alipapasa ukuta mpaka kwao akauliza, "Ndoo yangu leo imepatwa na nini?" Insha ilikuwa safi. Lakini mimi, mwenye somo langu jipya, niliandika chini kwa wino mwekundu: "Hapa ni mahali unapoishi. Hukuandika juu ya nyumbani kwenu." Nikampa alama 9 juu ya 20.

Alikuja katika chumba cha walimu akiwa na daftari lake. Alisimama kwa adabu, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuuliza. Nyumbani kwetu ni wapi?"

Nikamwambia, "Kule walikotoka wazee wako."

Akasema, "Nyanya yangu alizaliwa Pumwani, Mwalimu. Mama yangu alizaliwa Pumwani. Nyanya amezikwa katika makaburi ya Kariokor, na sisi huenda kumsomea dua. Mimi sijui pengine. Kama hapo si kwetu, basi sisi hatuna kwetu?"

Hakusema kwa ufidhuli. Alitaka kujua kweli, kama mwanafunzi anayeuliza maana ya neno. Na mimi, mtu mzima niliyemzika baba yangu miaka miwili nyuma, nilimwona baba mbele yangu akiniuliza, "Mimi ni nani hapa?" Lilikuwa swali lilelile. Baba nilimnyima jembe. Mtoto huyu nilitaka kumnyang'anya ndoo. Nilichukua kalamu nikaifuta alama yangu, nikampa 18. Mbili nilizibakiza kwa makosa ya herufi kubwa, kwa maana haki ni lazima iwe haki.

Tangu siku hiyo nilianza kuchunguza: ni kwa nini mtu kama mimi, niliyekaa Nairobi zaidi ya miaka 20, niliona kuwa mji hauwezi kuwa nyumbani kwa Mwafrika? Jawabu nililikuta katika historia. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli iliyotoka Mombasa, ikachukua jina lake kwa Wamaasai, nalo lina maana ya maji baridi. Serikali ya kikoloni ilimhitaji Mwafrika mjini kwa mikono yake tu. Mwanamume alichukua kipande, akakivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati, na asiyekuwa na kazi aliweza kukamatwa akarudishwa "kwao". Vyumba vingi vilijengwa kwa ajili ya wanaume walio peke yao; mke na watoto hawakuwamo katika hesabu. Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari waliuzingira mji wakakamata maelfu ya watu, na wengi wakapelekwa vizuizini. Mtu anayetendewa hivyo angeuitaje mji huo nyumbani? Baba yangu alipouita "kazini", hakuwa amelibuni neno hilo. Sheria za mji zilikuwa zimekwisha lisema kabla yake.

Lakini hata katika miaka hiyo walikuwapo waliokataa kuwa wapitaji. Pumwani ilitengwa kuwa mtaa wa Waafrika katika miaka ya 1920, na hapo wanawake wengi walijenga nyumba zao wenyewe za udongo, wakapangisha vyumba, wakalea watoto na kuzikana. Nyanya wa mwanafunzi wangu alizaliwa katika ujasiri huo. Na huko Kibera, Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, walikaa tangu mwanzo wa karne ya 20. Kwa miongo mingi waliambiwa kuwa ardhi si yao, ingawa makaburi ya wazee wao yalikuwa hapohapo. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hati ya ekari 288. Karatasi ile haikuwapa nyumbani, kwa maana nyumbani walikuwa napo zamani. Iliwaondolea hofu ya kufukuzwa. Nayo hofu ni kama maji chini ya msingi: mtu aweza kuishi juu yake miaka mingi, lakini hawezi kulala usingizi mzito.

Huenda umesikia habari za kesi moja mashuhuri katika nchi yetu. Tarehe 20 Desemba 1986 alifariki wakili aliyejulikana sana Nairobi, S. M. Otieno. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, walikozikwa wazee wake. Shauri lilikwenda mahakamani, na maiti ikalala katika chumba cha maiti miezi mitano. Hoja moja iliyotolewa ilikuwa kwamba Mjaluo aweza kuwa na nyumba popote, lakini nyumbani, yaani dala, ni mahali pamoja. Mwishoni ukoo ulishinda, na mwezi wa Mei 1987 alizikwa Nyalgunga. Mimi si hakimu, wala sitapima hapa haki ya mjane na haki ya ukoo. Nataka uone jambo moja tu: nchi nzima ilibishana juu ya tofauti ya nyumba na nyumbani, na mtu mmoja peke yake ambaye angaliweza kujibu alikuwa amenyamaza.

Sasa ukiniuliza nyumbani ni nini, nitakujibu kwa mambo matatu niliyoyapata kwa baba yangu na kwa mwanafunzi wangu.

La kwanza, nyumbani ni mahali unapojulikana. Kujulikana si kuwa na sifa. Ni kwamba ukikosekana siku moja, yuko atakayeuliza. Kipofu wa Pumwani aliuliza. Katika jengo letu baba angaliweza kukosekana wiki nzima, na ngazi zisiulize.

La pili, nyumbani ni mahali unapohitajiwa. Wengi hudhani kuwa nyumbani ni pale unapopokea: chakula, kitanda, ulinzi. Hayo hata mgeni hupewa, tena hupewa mazuri zaidi kuliko mwenyeji. Mwenyeji hutambulika kwa kazi anayoachiwa. Kijana ambaye hana kazi yoyote katika nyumba ya wazazi wake, hata maji hateki, hata sahani yake haoshi, asishangae akijiona mgeni humo.

La tatu, nyumbani ni mahali penye kumbukumbu zako, hasa za wale waliokutangulia. Makaburi ya Kariokor na miamba ya Taita hufanya kazi moja. Ukifika Gede, karibu na Malindi, utaona kuta za mji wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe: jumba la mtawala, msikiti mkubwa, visima, nyumba zenye vyumba vilivyopangwa vizuri. Mji huo uliachwa katika karne ya 17. Nyumba zingalipo, lakini hapana nyumbani hata pamoja. Lugha yetu inayo neno la mahali pa namna hiyo: mahame. Kuta hubaki, anayekumbuka jina la mwenye chumba ndiye aliyekwisha ondoka.

Utaona, msomaji, kuwa katika mambo hayo matatu sikutaja mji wala shamba. Yote matatu huweza kupatikana pande zote mbili, na hukosekana pande zote mbili. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni nne katika Nairobi. Baadhi yao kila Desemba hufunga mizigo na kulipa nauli iliyopandishwa ili wende nyumbani. Wengine hawana safari, kwa sababu wamekwisha fika. Asiwepo wa kumcheka mwenzake.

Tena ipo hatari ambayo sina budi kukuonya juu yake. Neno "kwetu" ni tamu mdomoni mwa anayelisema, lakini huweza kufanywa mkuki. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi hii na malaki wakahamishwa, na neno lililotangulia mawe na moto mahali pengi lilikuwa hilo: "Rudini kwenu." Waliambiwa hivyo watu waliokuwa wamezika wazazi wao hapo, waliokuwa wakisaidiana na majirani haohao katika arusi na matanga. Mimi niliposikia habari hizo niliwalaumu waliofanya. Sikujua kuwa miaka mitatu baadaye ningeliandika neno hilohilo kwa wino mwekundu katika daftari la mtoto. Kalamu yangu haikumwaga damu, lakini ilichovywa katika wazo lilelile. Anayependa kwake kwa kweli hana haja ya kumnyima mwingine kwake.

Mabaharia wa pwani yetu husema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu aweza kutembea kutoka nyuma ya chombo mpaka mbele, lakini mwishoni hurudi katikati, chini, mahali pa mzigo. Zamani niliifundisha methali hii kuwa yahusu kurudi kijijini. Siku hizi naifahamu vingine. Ngama husafiri pamoja na chombo. Popote chombo kiendapo, mahali pa kubeba mzigo papo. Tafuta basi mahali ambapo una mzigo wa kuubeba kwa ajili ya wengine, na wengine wanao wako.

Nilistaafu mwaka 2022. Watu huniuliza, "Mwalimu, utarudi nyumbani lini?" Kila mwaka kabla ya mvua za masika nakwenda mlimani kuzibua mfereji wa baba, kwa sababu sasa ni zamu yangu, na majirani hawanipi pole ya safari. Kisha narudi Nairobi, ambako wajukuu wangu wamezaliwa na ambako kila Jumamosi watoto kadhaa wa mtaa huniletea insha zao nizisahihishe. Mahali nitakapozikwa sijapaamua. Lakini watoto wangu nimewaomba jambo moja, na wewe nakuomba ulishike kwa ajili ya wazazi wako na wazee wote watakaokuwa mikononi mwako: kabla ya kunihamisha kwa ajili ya raha yangu, waniulize kwanza.